Umati Ulioitwa Dunia

Corinne Jaquet aliwatilia shaka waandamanaji tangu alipoiona miavuli yao. Yote rangi ya machungwa, yote mipya. Ndani ya jumba la Geneva wajumbe walikuwa wakijadili mkataba wa kupiga marufuku silaha zinazojiamulia zenyewe nani wa kuua. Nje umati ulizidi kufurika, na redio zikatangaza kwamba dunia imetoa kauli.

"Dunia gani hiyo inanunua miavuli duka moja?" alimnong'oneza bosi wake, Balozi Zurbriggen, mwenyekiti wa kikao.

Balozi akacheka. "Shuka ukawaulize."

Akashuka mvuani. Mzee mmoja alikuwa anatafuna mkate na jibini.

"Nani kawaleta?"

"Basi."

"Basi la nani?"

"Kwani wewe polisi, madamu?" Akampa mgongo.

Alipomuuliza mwingine mkataba wenyewe unasemaje, yule akaligeuza bango lake na kulisoma.

Ndipo mwanamke mnene akajipenyeza. Alikuwa Yvette Rochat, muuguzi mstaafu wa Lausanne. "Miavuli na mabasi tumechangia sisi wauguzi. Ulitaka tulowe chapachapa ndiyo utuamini?" Akamweleza mkataba kipengele kwa kipengele, hadi Corinne akaona haya.

Alirudi akamwambia balozi yote: wapo wanaofuata mkumbo, na wapo wanaojua vizuri wanachodai.

Mchana balozi akasimama mbele ya wajumbe. "Msaidizi wangu amekwenda mwenyewe. Umati ule umeletwa kwa mabasi, na hata mkataba hawaujui." Wajumbe wakashusha pumzi kama waliotuliwa mzigo. Kura ikaahirishwa hadi mwaka ujao.

Corinne akamkamata ukumbini. "Sikusema hivyo!"

"Ulisema nusu hivyo. Nusu hiyo ndiyo niliyoihitaji."

"Kumbe ndiyo maana ulinituma?"

Balozi akatazama saa yake, akaondoka.

Corinne hakwenda ofisini. Aliingia chumba cha waandishi wa habari, akashika kipaza sauti, akaeleza alichokiona na alichosikia, chote. Jioni kitambulisho chake cha kuingilia kilikuwa kimefutwa. Magazeti mawili yaliandika habari yake. Kura ilibaki pale pale ilipoahirishwa.

Wiki iliyofuata alikwenda kusimama na waandamanaji. Yvette akamsogelea, akamfunika kwa mwavuli wake. Wengine walimwangalia kwa pembe ya jicho, wakashusha sauti kila alipogeuka.

"Wanadhani nimetumwa tena," Corinne alisema.

"Wanadhani," Yvette akajibu. "Hata mimi sijamaliza kukuchunguza."