Mrefu Chini ya Gogo

Wanaosema ndoto za mchana hazina maana, naona ni watu wanaolala wakiwa wameshiba na hakuna anayewasubiri. Mimi nililala na njaa, viatu vya mazoezi vikiwa bado miguuni, mvua ya Mbeya ikitwanga bati, na jibu nililoagizwa nilipeleke kabla ya giza. Asubuhi ile uwanjani Tuntufye, mpole kuliko wote katika timu yetu ya kikapu, alirushiwa pasi ikamteleza ikatoka nje. Ambakisye, mfungaji wetu, ambaye bila yeye hata majirani wa uwanja wasingetujua, alimwambia mbele ya wote akashike jembe maana mpira umemshinda, akaupiga mpira ukutani, akavaa jaketi akaondoka. Haikuwa mara ya kwanza. Safari hii wenzangu, Gwamaka akiwamo, waliketi sakafuni wakasema ama yeye ama sisi. Kocha Mwasenga akanivuta pembeni. “Nahodha,” akasema, “wewe ndiye unayempa mipira kila siku. Hawa wanasema kwa uchungu, na mimi nikisema nitasema kwa tamaa ya kombe. Niambie kabla ya giza: huyu anatusaidia au anatuharibia? Ukisema abaki, fainali atacheza. Ukisema aende, simwiti tena.” Nikamwambia sawa, kwa sababu nahodha huitikia sawa kabla hajajua, nikarudi nyumbani nikiwa nimemchoka Ambakisye na nimewachoka wao pia. Nikajilaza kochini nifikirie, na kama ilivyo kawaida ya watu wanaojilaza wafikirie, usingizi ukanichukua.

Nikajiona katika nchi ya milima ambayo sikuwahi kufika, udongo wake mwekundu, majani yake marefu yenye umande ingawa jua lilikuwa utosini, na chini bondeni mto ukivuma kwa maji ya mvua iliyonyesha mbali. Njiani alisimama mwanamke wa makamo, kitenge amekifunga kiunoni kama anayekwenda shamba, na jambo la ajabu kwake ni kwamba hakunitazama usoni hata kidogo, alinitazama mabegani. Nilipomwamkia aliitikia vizuri, akasema jina lake ni Insafu, yaani haki, na kwamba watu wa nchi ile wanataka kujenga daraja kabla mto haujafunga njia, kwa hiyo wamekata gogo moja kubwa juu mlimani nao wanaliteremsha. “Umekuja na swali,” akasema. “Usinipe swali lako. Tembea nao kwanza, kwa maana swali lisilotembea hujibiwa na mdomo.” Nikamfuata. Sikuwa na haraka, na katika ndoto mtu hubishana mara chache.

Tukawakuta. Gogo lilikuwa mabegani mwa kundi zima, na mbele kabisa alikuwapo kijana aliyewapita wote kwa kichwa na shingo, mwenye hatua nzuri mno kutazama, kwani alipoweka mguu ulionekana umezaliwa kwa ajili ya mahali pale. Huyo ni Kipaji, Insafu akaniambia. Juu ya shingo yake alikaa kiumbe mfupi mwekundu wa macho, miguu ikining'inia kifuani pa mwenzake, mikono imeshika masikio yake kama anayeshika hatamu, na huyo sikuhitaji kuambiwa kuwa ni Hasira. Mbele yao alitangulia Sifa na ngoma, akipiga jina moja tu, Kipaji, Kipaji, na wale wa nyuma waliguna kwa pamoja kila hatua. Mmoja wao, mwenye uso mwembamba na sauti ya urafiki, alinisogelea gogo likiwa bado begani mwake. “Umeona mambo hayo, mgeni wetu?” akaninong'oneza. “Tunabeba sote, lakini ngoma inamtaja mmoja. Ingekuwa wewe, ungekubali?” Nikamwambia nisingekubali, na nilimaanisha. Insafu akaniambia pole pole kwamba niliyezungumza naye anaitwa Husuda, na kwamba maneno yake mara nyingi huwa ya kweli, jambo linalofanya iwe vigumu kumfukuza.

Tukafika penye mteremko wa utelezi. Nyuma ya Kipaji alikuwapo mtu mdogo wa umbo, jina lake Bidii, naye alikanyaga tope akayumba, gogo likatikisika. Hasira akavuta masikio. Kipaji akageuka, akamtukana Bidii maneno ambayo sitayaandika, akalitupa gogo chini kwa nguvu zake zote. Lilimwangukia Bidii mguuni. Hapo watu wakapiga kelele zilizojaa bonde, kwamba huyu hafai, kwamba afadhali kuchelewa kwa amani kuliko kuwahi kwa majeraha, na mimi, nikikumbuka mambo ya asubuhi, nikapiga kelele pamoja nao, na niseme ukweli, nilifurahi. Kipaji hakujitetea. Aliokota shuka lake akapanda kilima na Hasira wake shingoni, Sifa akimfuata kwa sababu hakuwa na jina jingine la kupiga. Kukawa kimya, na kimya kile kilikuwa kitamu. Kisha wakainama kulinyanyua gogo. Likafika magotini. Wakalirudisha, wakapumua, wakajaribu tena, likafika magotini tena, na mto chini yetu ulikuwa umeshapanda hadi kwenye mizizi ya miti ya ukingoni.

Insafu akaketi juu ya jiwe. “Umeyaona yote mawili,” akasema. “Alipokuwapo gogo lilikwenda na mtu akaumia. Alipoondoka hakuna anayeumia, na gogo haliendi. Haya, huyu anasaidia au anaharibu?”

“Mama, yote mawili ni mabaya,” nikasema.

“Hilo si jibu, mwanangu, hayo ni malalamiko. Waambie wavue mashati.”

Wakavua, wengine kwa kusitasita. Insafu akapita akiwatazama mabega kama mama anayetafuta vipele kwa watoto wake. Mabega yalikuwa laini. Bega la Husuda lilikuwa laini, la Woga laini, la Uvivu lilikuwa kama la mtoto mchanga. Kwa Bidii tu palikuwa na wekundu kidogo, na kwa mwanamke mmoja mkimya aliyeitwa Subira, ambaye sikuwa hata nimemwona. Kisha akaniamuru nipande kilima nimwite yule aliyefukuzwa. Nilimkuta ameketi, Hasira bado shingoni na Sifa kando, amevua shati kwa joto, na begani alikuwa na sugu ngumu kama kisigino cha mtu asiyevaa viatu, katikati yake imepasuka na inatoa damu. Nikamwambia anaitwa. Akauliza kama ni wito wa kutukanwa au wa kubeba. Nikasema wa kubeba. Akacheka bila furaha akanifuata.

“Sasa ingia wewe,” Insafu akaniambia, “nyuma yake hapo, mahali pa Bidii.” Nikaingia. Kipaji akaliinua, nasi sote tukanyoosha mikono tukaguna, gogo likapanda likatulia. Tukaanza kutembea. Nilikwenda hatua kadhaa nikijiona mwanamume kati ya wanaume kabla sijageuza shingo nikaona kwamba kati ya gogo na bega langu pana nafasi ya kupitisha kiganja. Nilikuwa nimelishika kwa vidole. Nikatazama nyuma, na kila mtu alikuwa ameinua mikono vilevile, akitokwa na jasho la kutembea, akiguna kwa mazoea. Mtu mrefu akibeba pamoja na wafupi, gogo hukaa kwake, wengine husindikiza. Hata bibi zetu walijua hilo, ndiyo maana kwao wabebaji walipangwa kwa vimo, na aliyezidi aliambiwa apige goti. Huyu hakuwa amepangwa na yeyote. Alikuwa amewekwa mbele kwa sababu alipendeza.

Nikaona aibu, ila sikuwa na nafasi ya kukaa nayo. Nikamwita, “Ndugu yangu, inama kidogo.”

Hakugeuka. “Nani anasema?”

“Mimi hapa nyuma yako.”

“Niiname gogo lianguke?”

“Uiname litufikie.”

Hasira akamvuta masikio kwa nguvu, akimwambia kwamba urefu wake ndio unaomfanya atajwe, na akiinama atakuwa kama hawa. Niliona shingo yake ikikakamaa, na nadhani ilimuuma kuliko ile sugu, kwa sababu aliupenda urefu wake, na mtu hawezi kulaumiwa sana kwa kupenda kitu pekee alichosifiwa. Kisha akapiga goti nusu, na uzito ukaja. Ulikuja kwangu kwanza, nikasikia mfupa unalia, halafu ukaja kwa wote, na ndipo nikajua kwamba guno la mtu aliyebeba halifanani na guno la anayesindikiza. Husuda akakumbuka ana mgonjwa nyumbani. Uvivu akamsindikiza. Bidii akaja akichechemea, Subira akashika mwisho wa gogo, na Hasira, kwa kuwa mgongo ulioinama haukaliki, akateremka akatembea kando amenuna, si mbali, ila alikuwa chini. Sifa alipiga mapigo mawili matatu, akashindwa kujua amtaje nani, akaibeba ngoma kwapani. Tulikwenda taratibu sana. Maji yalifika kwenye vifundo vya miguu yetu, baridi kama nini, nikamuuliza Insafu kama tutawahi. “Mimi sikuitwa kupima mto,” akajibu, na nikaamka bati likivuja miguuni mwangu.

Mvua ilikuwa imepungua. Nilikaa nikitazama viatu vyangu vilivyolowa, na maana ikaja yenyewe bila haraka. Msimu mzima mpango wetu ni mmoja, mpe Ambakisye. Akikabwa na wawili, mpe. Akikabwa na watatu, tunamwita kwa jina tukimnyooshea mpira kama anayetoa kaa la moto mkononi. Hakuna kati yetu aliyewahi kukosa mtupo wa kuamua mechi, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuutupa. Ile pasi iliyomteleza Tuntufye huenda ndiyo pasi ya maana pekee aliyopata wiki ile, na alipewa na yuleyule aliyemtukana. Nasi tuliokasirika kwa niaba yake hatujampa hata moja. Hilo halimtakasi Ambakisye. Ulimi wake ni mbaya, na mguu ulioangukiwa na gogo haujali nani alikuwa amechoka. Lakini tangu aje tumemwambia mambo mawili tu, ongeza nguvu, au ondoka.

Nikatoka. Kwake ni mwendo mfupi, na nilifika kijivu cha jioni kikianza kushuka kutoka mlima Loleza. Alifungua mlango akasimama palepale mlangoni, bila kunikaribisha.

“Shikamoo, kaka. Umetumwa?”

“Marahaba. Sijatumwa. Fainali nataka nusu ya kwanza usitupe kikapuni. Ugawe tu. Tuntufye atupe, Gwamaka atupe, na mimi nitatupa.”

“Kaka, nyie mtakosa.”

“Tutakosa.”

“Na tukifungwa?”

“Tutafungwa sote. Na Tuntufye utamwomba radhi kabla hatujaingia, mbele ya walewale waliosikia.”

Taya zake zikacheza, nami nikaona lile neno kali likija hadi mdomoni. Sikurudi nyuma. Mwishowe akasogea kando nikapita. Nilikaa kwenye kiti chake, nikampigia Kocha Mwasenga, Ambakisye akiwa amesimama hapo anasikia, nikasema abaki.