Nyasi za Picha ya Tisa

Kwetu mtoto wa kwanza wa kiume anazaliwa na mundu mkononi. Kila vuli, kabla ya Chuseok, sikukuu ya mavuno na ya kuwakumbuka wafu, lazima apande mlimani akafyeke nyasi za kaburi la baba yake. Asipofyeka, watu hawasemi kwamba kaburi limeota magugu. Wanasema marehemu hakuzaa.

Mimi nilipanda mlima ule vuli tatu mfululizo, na kila mara nilibeba kamera. Mundu ulibaki stoo. Nilikuwa nawinda ukungu wa asubuhi, nipate bonde zima la Hwagok kwa picha kumi na moja, niziunganishe ziwe moja ya mita nne. Vuli ya tatu nikaupata. Lakini kwenye picha ya tisa, begani mwa mlima, alikuwepo baba: tuta la kaburi lake limevimba kwa magugu kama kichwa cha mlevi. Wilaya nzima ingeuliza ni kaburi la nani, na jibu wanalijua. Nikalifuta kwenye kompyuta, nikatandaza nyasi laini mahali pake.

Picha ilishika nafasi ya kwanza katika shindano ambalo sharti lake kuu lilikuwa usiongeze wala usipunguze kitu. Ikatundikwa kwenye ukumbi wa wilaya. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Mimi niliumbuliwa na barabara.

Dada yangu Mal-suk, aliyeolewa Busan, alinipigia simu.

“Kaka, barabara mpya inapita begani mwa mlima. Kaburi la baba umeliandikisha lihamishwe?”

“Kwani tangazo limetoka?”

“Lina miezi mitatu! Wewe unaishi huko, halafu mimi wa Busan ndiye nikuambie?”

Kesho yake, saa nne asubuhi, tulikuwa mbele ya karani Bae wa ofisi ya wilaya. Alitukaribisha chai ya shayiri, mpole kupita kiasi.

“Wapimaji waliona kichaka tu, mzee. Wakabishana, ikabidi tuangalie ile picha yako ya ukumbini. Hakuna kaburi. Tukaandika hamna kitu.”

“Lipo!” alisema Mal-suk. “Nimepiga magoti mbele yake, na huyu alikuwa kando yangu. Mwambie, kaka.”

“Basi mzee aandike hapa kwamba picha ilichezewa, atie sahihi,” alisema Bae. “Mashine ziko mlimani tayari, nazisimamisha sasa hivi. Bila hivyo sina pa kushika.”

Fomu ilikuwa mezani, kalamu juu yake. Niliwawaza wenzangu wa chama cha wapiga picha. Miaka kumi nimewacheka kwa kupaka picha zao rangi kama bibi harusi. Wangenila nyama.

“Ngoja nifikirie,” nilisema. “Nile kwanza.”

“Ule?” Mal-suk alinikazia macho. “Kaka, ule?”

“Nimetoka bila kifungua kinywa.”

Nikavuka barabara, nikaagiza supu ya utumbo na wali. Nilijiambia mashine za serikali hazina haraka. Nilimaliza bakuli, nikaongeza wali, nikanywa na mchuzi wa chini. Aibu ilikuwa inanitafuna, lakini njaa nayo ilikuwa ya kweli. Saa sita kasorobo nikarudi na kutia sahihi. Nisijisifu kwamba nilisukumwa na kumpenda baba. Nilikosa tu pa kukwepea macho ya dada yangu.

Bae alipiga simu. Alisikiliza kwa muda mrefu, kisha akaiweka chini kwa mikono miwili.

“Wamepita pale saa tano na nusu, mzee. Udongo umeshamwagwa korongoni.”

“Na mifupa?” aliuliza Mal-suk.

“Dereva hakutazama, mama. Aliambiwa hamna kitu.”

Nikaanza kueleza kwamba mkahawani kulikuwa na watu wengi, kwamba supu ilichelewa kuletwa. Mal-suk alinisikiliza hadi mwisho, na hakulia.

“Ilikuwa tamu?” aliniuliza.

Ilikuwa tamu.