Kikohozi cha Gari la Mzee Chirau

Kipupwe cha mwaka hamsini na nne hakikuwa cha mchezo. Watu wa Msambweni, ambao kazi yao ni kulalamikia joto, walikwenda msikitini alfajiri wamejifunika mablanketi hadi puani, na gari la Mzee Chirau nalo likaamua kuugua kifua. Lilikuwa pikapu kuukuu, alilouziwa na Mzungu mmoja baada ya vita vya Hitla, boneti lake likifunguka ubavuni kama mlango wa kabati. Kila asubuhi lilipopigwa hendeli lilinguruma kidogo, likakohoa, likanyamaza, likakohoa tena, kisha likapiga baruti moja ya kuwaamsha walio makaburini. Astaghfirullah, nimesema makaburini. Niseme walio vitandani.

Aliyeipata joto ya jiwe ni dereva wake, Mwero. Huyu alikuwa Mduruma wa Kinango, na kwao hakukuwa na mwingine aliyeshika usukani. Mkwewe, aliyekuwa amemnyima binti miaka miwili kwa kuwa hana mbuzi, siku hizi alikuwa akisimamisha wapita njia awaambie kuwa mkwe wake anaendesha gari la tajiri wa pwani. Kazi ikipotea, Mwero angerudi Kinango kumchungia mzee yule mbuzi wake, huku akisikiliza maneno yake kuanzia jua linapochomoza hadi linapotua. Mwero aliona heri alisukume gari kwa kipaji cha uso mpaka Likoni.

Na kazi ilikuwa inapotea kweli. Jumatatu baruti ililia jamaa wakiwa wamesujudu, na mzee mmoja aliinuka akatoka mbio bila viatu, akidhani ni bunduki. Baada ya swala imamu alimshika Mzee Chirau mkono kwa upole, akamwambia, "Ndugu yangu, gari lako ama lisilimu liingie safuni, ama linyamaze." Watu walicheka. Mzee Chirau, mtu mpole lakini asiyependa kuchekwa, hakucheka.

"Mwero," alisema aliporudi nyumbani, "nakupa mpaka Ijumaa. Likikohoa Ijumaa, funguo nampa Waziri."

Waziri ni mpwa wake, kijana wa nywele za mafuta na shati la kupigwa pasi mara mbili. Jumapili, Mwero akiwa kanisani, Waziri ndiye aliyepeleka machungwa na mihogo Likoni. Saa ile ile, baridi ile ile, na gari halikukohoa hata kidogo! Hilo ndilo lililomuumiza Mwero kuliko baruti yenyewe.

"Gari linajua mkono," Waziri alikuwa akisema, akizungusha vidole vyake watu wavione. "Mkono mzito halitaki."

Mwero alifanya kila alichoambiwa. Wanywa kahawa walisema gari linaona baridi, basi akalifunika injini usiku kucha kwa blanketi lake, na blanketi lenyewe ni moja, mkewe Kanze akalala akitetemeka na kulitukana gari kama mke mwenza. Asubuhi likakohoa vile vile. Akalipeleka Ukunda kwa fundi Suleiman. Suleiman akabadilisha plagi, akasafisha kabureta, akachuja petroli kwa kitambaa. Lakini kila lilipofika Ukunda jua lilikuwa limekwisha kupanda, na gari limenyooka, linaimba.

"Gari lako zima, bwana," Suleiman alimwambia siku ya Jumatano. "Mgonjwa ni wewe."

"Njoo ulisikie alfajiri, basi! Nakuomba, kaka. Keshokutwa nafukuzwa."

Suleiman alimhurumia. Alilala Msambweni kwa dada yake, na Alhamisi alfajiri akawa amesimama pale gari lilipoanza kukohoa. Hakugusa plagi wala kabureta. Alikwenda moja kwa moja kwenye distributa, kile kikopo cheusi kinachogawa moto kwenye plagi, akafungua kifuniko, akapitisha kidole ndani. Kidole kikatoka kimelowa. Akakinusa, akakodoa macho.

"Mwero, gari hili linaolewa lini?"

"Unasemaje?"

"Nusa."

Mwero akanusa. Yalikuwa marashi, yale mawaridi ya harusini na maulidini, wala hapakuwa na shaka.

"Na hapa pana ufa, mwembamba kama unywele," Suleiman alisema, akikigeuza kifuniko kwenye mwanga wa kandili. "Wakati wa joto maji haya hukauka kabla hujamaliza chai yako. Kipupwe hiki hayakauki, yanaingia ufani, na moto unapotelea njiani. Kifuniko kipya kitatoka Mombasa wiki ijayo. Mpaka hapo lisipate hata tone moja. Na huyo anayelirashia, mshike mkono."

Mwero hakuhitaji kuambiwa ni nani. Ni nani Msambweni nzima anayenukia marashi kutwa? Ni nani anayezitaka funguo? Jumapili analiacha kavu, siku nyingine analilowesha! Siku ile nzima alikuwa na hasira ya kutafuna misumari, na hata Likoni aligombana na mbeba mizigo aliyemsalimu tu.

Ijumaa aliwahi kabla ya adhana, akapanda nyuma ya pikapu, akajifunika turubai. Akawasikia wanaume wakitoka kwenda msikitini. Ua ukawa kimya. Kisha akasikia ndara zinakuja polepole, boneti likalia kwa kutu, na maji yakadondoka. Mwero akaruka na turubai lake.

"Nimekukamata, hayawani wewe!"

"Bismillahi!" ikajibu sauti ya kike, na kitu kigumu kikamshukia utosini, ko!

Alikuwa Bi Biasha, mama yake Mzee Chirau, miaka sabini na ushei, na mrashi wake wa shaba mkononi.

"Shikamoo, Bi Mkubwa," alisema Mwero akijishika kichwa, kwani adabu ni adabu hata ukipigwa.

"Marahaba. Wafanya nini humo kama kuku wa kupelekwa sokoni?"

"Namvizia mwizi. Na wewe, Bi Mkubwa, wafanya nini?"

"Nalirashia dua," alijibu bibi, wala hakuona haya. "Hapa, penye roho yake. Huoni mishipa yote yatoka hapa?" Akaonyesha distributa na nyaya zake. Mwero alitazama, akakubali moyoni kuwa fundi Suleiman alihangaika siku tatu kutafuta mahali ambapo bibi huyu alipajua siku nyingi.

"Bi Mkubwa," alisema taratibu, "roho hiyo haitaki maji. Wakati wa joto yanakauka. Sasa hayakauki, ndiyo maana linakohoa. Na likikohoa leo, mwanao ananifukuza."

Bi Biasha aliuweka mrashi chini. Kisha akashika ncha ya leso yake, na Mwero alipofungua kifuniko akakifuta ndani na nje, akakipuliza, akakifuta tena. Mwero akakirudisha. Hapo Mzee Chirau na Waziri wakaingia uani kutoka msikitini, Waziri amekwisha kukunja mikono ya shati.

Mwero akapiga hendeli. Gari likawaka mara moja, likanguruma sawasawa bila hata kikohozi kimoja.

"Alhamdulillahi!" alisema Mzee Chirau. "Kumbe lilikuwa na nini?"

Mwero alimtazama bibi. Akisema kweli, mwanawe atamkalipia mbele ya mjukuu wake. "Umande, tajiri," alisema. "Umande tu."

"Umande gani, mjomba?" Waziri alidakia. "Jumapili huo umande wamwogopa nani? Ni mkono tu. Leo limenyamaza, kesho litakuaibisha tena."

Mzee Chirau alisitasita. Aliukumbuka mkono wa imamu, na vicheko vya watu. Akanyoosha kiganja. "Nisamehe, Mwero. Nipe funguo."

Mwero akazitoa mfukoni. Maneno ya mkwewe alianza kuyasikia tangu pale.

"Chirau, rudisha mkono wako," alisema Bi Biasha. "Maji ni yangu. Nimekuwa nikilirashia gari marashi alfajiri, kumbe lalowa. Mwero ajua, na amenisitiri. Mkosa ni mimi."

"Mama!"

"Nimekwisha sema."

"Lakini bibi," Waziri aling'ang'ania, "mbona nikiendesha mimi halikohoi?"

"Kwani nikurashie wewe ya nini? Wewe una mama yako, nimemzaa mimi, kila alfajiri akuombea mpaka majirani hawalali. Huyu mama yake yuko Kinango, hajui hata mwanawe leo yu barabara gani. Nikajiuliza, huyu naye, akitoka hapa, nani amwombea arudi salama? Gari lina nini mimi hata niliombee!"

Waziri alishusha mikono ya shati, akafunga vifungo. Mzee Chirau aliurudisha mkono wake ndani ya kanzu. Mwero alisimama na funguo zake. Tangu jana alikuwa akimchukia kwa moyo wake wote mtu anayemharibia kazi, na mtu mwenyewe ndiye huyu. Akamsogelea, akainamisha kichwa.

"Basi nirashie mimi, mama," alisema. Hakuwa amemwita mama hata siku moja.

Bi Biasha hakusubiri kuombwa mara ya pili. Mrashi wote aliumimina, utosini, shingoni, ndani ya shati mpaka mgongoni, na kwa baridi ile Mwero aliruka akashika mlango wa gari. Alipiga chafya Msambweni, akapiga chafya Mwabungo, akapiga chafya Waa, wachuuzi waliopanda nyuma wakimuuliza bwana harusi anakwenda kuoa wapi. Mpaka Likoni gari halikukohoa hata mara moja.