Samaki Saba, Rangi Saba

Fundi cherehani ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Mapacha alikuwa na ugonjwa mmoja: akiona rangi saba, alizitaka zote saba. Kabati lake la nyuzi lilikuwa shahidi. Basi siku alipokwenda kununua samaki wa kuweka kwenye tangi la kioo, tangi alilolililia mwaka mzima na sasa limekaa ubavuni mwa cherehani, hakujiuliza mara mbili. Alichagua samaki saba wadogo, wapole, kila mmoja na rangi yake.

Mdogo kuliko wote, mwenye mstari wa buluu ubavuni, akampa jina la Kauzi. Huyo ndiye aliyemteka moyo.

Alitarajia wacheze pamoja. Wapi! Kila mmoja alijibanza kona yake kama abiria wasiojuana. Kauzi alizidi: alijichimbia nyuma ya chujio la kusafishia maji, mstari umempauka, na kwa siku nne hakugusa hata punje ya chakula. Mama Mapacha alikosa raha hata akashona mkono wa kulia wa gauni upande wa kushoto.

"Mke wangu, huyo samaki amekununia," mumewe akamtania.

"Baba Mapacha, kiumbe kinakufa nawe unacheka?"

Siku ya tano uvumilivu ukamshinda. Alimwacha mteja amesimama na pini kiunoni, akatoka mbio hadi dukani. Safari hii alimkuta mwenye duka mwenyewe, bibi wa makamo, akamweleza yote huku anahema. Bibi akajipiga mapaja kwa kicheko.

"Mwanangu, umenunua samaki au vifungo? Hawa huishi kwa kundi. Akiwa peke yake, kila kivuli anakiona adui. Atakula saa ngapi?"

"Lakini wako saba!"

"Saba wasiojuana. Na mkwe wangu aliyekuuzia, yeye anajua kuuza tu. Wale sita niletee, nitawarudisha kwa wenzao. Huyo wako mpelekee tisa wa aina yake."

"Atapona?"

"Siku nne bila kula ni nyingi, sikufichi. Wahi."

Akawahi! Kabla ya adhuhuri wale sita walikuwa wamerudishwa, na mfuko wenye tisa wapya unaelea tangini ili joto la maji lilingane. Dakika ishirini. Mama Mapacha hakuondoa macho kwenye saa ya ukutani. Kisha akawachota kwa kijinyavu, mmoja mmoja.

Tisa wale wakakusanyika katikati. Kauzi akabaki nyuma ya chujio.

"Toka basi, baba," akabembeleza. "Toka uwaone."

Pua ikachomoza. Ikarudi. Ikachomoza tena, na mara Kauzi akafyatuka, akajitosa katikati ya wenzake. Kundi zima likageuka kwa pamoja!

"Ametoka! Baba Mapacha, njoo uone, ametoka!"

Akanyunyiza chakula. Midomo midogo ikavamia.

"Kauzi amekula?" mumewe akauliza, naye sasa amepiga magoti mbele ya kioo.

Mama Mapacha akawatazama, akawahesabu, akarudia kuwahesabu. Kumi, na mistari kumi inang'aa sawasawa.

"Simjui tena ni yupi," akasema, machozi na kicheko vikimtoka pamoja. "Lakini hakuna asiyekula!"