Mizinga Iliyonyooka

Sindano aliingia jikoni asubuhi ile akamkuta baba yake amepiga magoti sakafuni, anatoboa boga. Halikuwa la kupika. Alikuwa amelikata kizibo juu, kama mfuniko wa chungu, akakomba mbegu kwa kijiko. Kando ya goti lake palikuwa na kopo la sumu ya wadudu kutoka stoo. Maboga mengine yalikuwa yamepangwa ukutani yakingoja zamu yao.

"Baba, hayo ni ya nini?"

"Ya wale waliokuja bila hodi na kula bila kunawa. Mahindi wameyamaliza. Nimeona nisiwaache waondoke bila kitoweo."

Mama, aliyekuwa akichochea moto, hakugeuka. "Mwache, mwanangu. Tangu kupambazuka ameongea zaidi na hilo kopo kuliko alivyoongea na mimi mwaka mzima."

Mtu mwingine angecheka. Sindano alipandwa na hasira. Watu walimpa jina hilo kwa sababu ya cherehani yake pale barazani na kwa wembamba wake, na wengine waliongeza kwamba hata akianguka hasikiki. Alishona mavazi ya kurinia asali ya kikundi kizima cha uzio wa nyuki, ule wa kuzuia tembo, akayakabidhi, akarudi kwenye kiti chake bila kusema neno. Lakini alikuwa ametoka shambani sasa hivi. Alikuwa ameyaona mahindi ya baba yake, yaliyokuwa yameanza kukauka ndevu, yamelala chini kama mkeka uliokaliwa na harusi nzima.

"Tembo akila hilo akafa, atakayefuata ni nani?" aliuliza. "Mbwa wetu? Mtoto wa jirani anayeokota kila anachokiona? Halafu wakija askari wa wanyamapori, watamfunga nani?"

"Wanifunge! Huko gerezani si watanilisha?" Baba alilisukuma boga, likabingirika hadi miguuni pa Sindano. "Usinihubirie, binti yangu. Nililima kwa mgongo huu, si kwa mdomo. Mliniambia nyuki. Nikakubali nyuki. Nikachimbia nguzo, nikatundika mizinga, nikaumwa mpaka masikio yakawa kama maandazi. Jana nyuki wako walikuwa wapi?"

"Walikuwa ndani."

"Wamelala!"

"Wamefungwa, Baba. Liache kopo uje nikuonyeshe. Ukishaona, fanya utakalo. Sitakushika mkono."

Hakuwahi kumsemesha hivyo. Mama aliacha kuchochea. Baba alisimama akajipangusa mikono kwenye suruali, na Sindano akamrudisha kwenye beseni kunawa kwa sabuni, kama mtoto.

Uzio ulizunguka shamba lote: nguzo, na kati ya nguzo na nguzo mzinga uliotundikwa kwa kamba chini ya kipaa kidogo cha bati, mizinga yote imeunganishwa kwa waya mmoja. Mtaalamu wa nyuki aliyewafundisha alirudia jambo moja mpaka wakamtania: mzinga uning'inie, ucheze. Tembo akisukuma waya, mizinga iyumbe, nyuki watoke kwa hasira. Msimu uliopita ilikuwa hivyo hasa. Tembo walipiga kelele wakageuka na watoto wao, na baba akacheka mpaka akakaa kwenye matope.

Sasa waya ulikuwa umekatika na kulala chini. Mizinga ilikuwa imenyooka wima, kila mmoja umepigiliwa vipande vya mbao kwenye nguzo, pande zote mbili.

Baba Mdogo alikuwa amewatangulia. Yeye ndiye mwenyekiti wa kikundi, na alikuwa amevaa shati lililopigwa pasi, nyundo mkononi, anaunga waya.

"Pole sana, kaka," alisema haraka. "Nimeumia kama wewe. Ila wageni wanafika leo kuuona uzio. Wakiuliza habari ya mahindi, tuseme ni upepo."

"Upepo," alisema Baba.

"Ulivuma juzi, si uongo kabisa."

"Na hizi mbao?"

"Mizinga ilikuwa inapinda, kaka. Ingetoka vibaya kwenye picha. Nikaona tuinyooshe kidogo, ipendeze."

"Nilikwambia, Baba Mdogo," alisema Sindano. "Nilikwambia jana ulipokuwa unapigilia, Baba akiwa sokoni. Ukaniambia nishone nguo, mambo ya uzio nikuachie wewe."

"Wewe nawe! Adabu mbele ya wazazi!"

"Sukuma mzinga."

"Nini?"

"Wewe ndiye tembo. Una hata tumbo lake. Sukuma!"

Baba Mdogo alimtazama kaka yake ili amkanye binti yake. Kaka yake alimwonyesha mzinga kwa kidevu. Basi akaweka kiganja kwenye mzinga, akasukuma, akasukuma kwa bega. Haukutikisika. Ndani nyuki walinguruma kidogo wakanyamaza.

Sindano alimpokonya nyundo. Alichomeka upande wa kung'olea misumari nyuma ya ubao, akavuta kwa mwili wake wote mwembamba. Msumari ulilia.

"Unaharibu mali ya kikundi!"

"Mali ya kikundi ile pale!" Alionyesha mahindi. Machozi yalikuwa yanamtiririka, nayo yalimkasirisha zaidi. "Imelala chini! Piga picha ile!"

Ubao wa pili ulipong'oka, mzinga ulianguka kwenye kamba zake na kuyumba, na nyuki wakatoka kama moshi. Walikimbia wote watatu kupita kwenye mabua. Baba Mdogo ndiye aliyepiga yowe, na ndiye aliyeumwa zaidi, kwa kuwa alisimama kuokota kiatu.

Gari la wageni lilisikika barabarani. Baba Mdogo, jicho moja limeshafumba, alisema, "Kaka, tafadhali. Upepo."

"Nenda ukawaambie mwenyewe ulichofanya," alisema Baba. "Usipowaambia huku nasikia, nitawaambia mimi, na sitachagua maneno."

Aligeuka kurudi nyumbani. Sindano alimfuata akihema, akidhani anarudi kwa maboga. Kweli alirudi kwa maboga. Aliyatia yote kwenye gunia, na kopo juu yake, akachukua jembe, akaanza kuchimba shimo nyuma ya choo, mbali na kisima. Alichimba kwa hasira ileile, udongo ukirukia kila upande.

"Sijawasamehe," alisema bila kuinua kichwa. "Tembo sijawasamehe, na ndugu yangu sijamsamehe."

"Sijakuomba usamehe," alisema Sindano. "Ongeza kina, Baba. Mbwa wanafukua."

Baba alitema mate kando, akashuka shimoni mpaka magotini, akaendelea.