Amina Iliyohesabiwa

"Na wewe, Mama Madumu, ulisema amina?"

Fundi redio, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, aliniuliza hivyo Jumatatu asubuhi, hata hodi hajaimaliza. Mkononi alishika redio ya mteja, tumbo wazi, nyaya zinaning'inia, na ndani ya hilo tumbo mheshimiwa mbunge wetu alikuwa anaongea. Alisema wafanyabiashara wa safu ya chini sokoni wameridhia kuondoka. Hakumlazimisha mtu. Aliwaeleza kanisani, mbele za Mungu, nao kwa vinywa vyao wakaitikia amina.

"Amina ya nini?" nikamwuliza.

"Wewe ndiye mlokole, halafu unaniuliza mimi?"

Safu ya chini ndiko nilikokuwa nikiziba madumu, ndoo na mabeseni yaliyopasuka. Kazi hiyo aliniachia marehemu mume wangu: jiko la mkaa, visu vyake, na gunia la vipande vya plastiki vya kila rangi. Unachoma kisu, unayeyusha kiraka juu ya ufa, unakandamiza taratibu, unapuliza. Ukifanya haraka, maji yatakuumbua njiani, juu ya kichwa cha mwenye dumu. Kazi hiyo ilinilisha, ikasomesha wanangu, na kabla yao ilimlisha mdogo wa marehemu, aliyekaa kwetu miaka yake yote ya chuo cha Biblia. Huyo ndiye aliyekuja kuwa mchungaji wetu. Nyumbani nilimwita Shemeji, kanisani Mchungaji, na wala sikuwahi kuchanganya.

Jumapili ile alimpa mheshimiwa mimbari. Mheshimiwa alikuwa ametuletea mabati, na kanisa lilikuwa linavuja hadi kwenye meza ya Bwana. Nani angemfungia mlango? Akapanda, akajipangusa jasho, akarusha: "Bwana asifiwe!"

Kwetu neno hilo likirushwa huulizi limetoka mkono wa nani. Unalidaka. Tukasema amina. Akasema anawapenda wajane, Bwana asifiwe. Amina. Akasema mvua hii ndiyo ya mwisho kutulowesha ibadani, Bwana asifiwe. Amina, na vigelegele juu. Akasema mji lazima upendeze, na kwamba safu ya chini itapisha maegesho ya magari, Bwana asifiwe!

Nasi, Mungu atuhurumie, tukadaka.

Nilimfuata shemeji kwenye kile chumba cha nyuma ya madhabahu anachokiita ofisi. Mabati mapya yalikuwa yameegemezwa ukutani, yakampunguzia nafasi hata ya kusogeza kiti.

"Mchungaji," nikasema, "Alhamisi tumeitwa ofisi ya soko. Njoo useme jambo moja tu. Amina ile ilikuwa ya Bwana, haikuwa ya maegesho."

"Shemeji, una hasira."

"Ninayo."

"Hasira haitoki kwa Mungu."

"Kwani Musa aliitoa wapi?"

Akashusha pumzi kama mtu anayembembeleza mtoto mwenye homa. "Siasa tuwaachie wenyewe. Sisi kazi yetu ni kuwaombea."

"Wenyewe wamefika mpaka hapo mbele, Mchungaji, na kiti tumewapangusia sisi. Tumewaombea hadi magoti yameota sugu. Na mtu aliyepiga magoti ni rahisi kumhamisha."

Akaniangalia, kisha akayaangalia mabati. "Nitaona," akasema.

Nitaona. Neno hilo nililirudisha nyumbani kama jiwe ndani ya kiatu. Tangu utoto nilifundishwa kuwa hasira ni mlango wa shetani, na mwanamke mcha Mungu humeza. Nilishameza mengi. Nilimeza siku mume wangu alipokufa akingoja zamu kwenye benchi la hospitali huku wenye majina wakipita mbele yake. Niliambiwa ni mapenzi ya Mungu, nikaitikia amina hiyo pia. Sasa asubuhi iliyofuata nilikuwa napuliza jiko langu sokoni, huku naomba: Baba, niondolee hasira hii. Nikachukua kisu nikakipeleka kwenye ufa wa dumu la mama mmoja aliyekuwa amesimama akingoja. Kilikuwa hakijashika moto. Kikakwaruza tu, kikazidi kuupanua ufa.

"Mama, unaniharibia," yule mteja akasema.

Nikakirudisha kwenye makaa. Na ombi nikalibadilisha. Nikasema: basi usiiondoe, nionyeshe niiweke wapi.

Leo pale nilipokuwa nikikaa pameegeshwa magari. Kazi naifanyia barazani kwangu, wateja wachache, moshi mwingi, na fundi redio hachoki kulalamika kwamba nguo zake zinanuka ndoo. Kanisani sijaacha kwenda. Nitakwenda kwa nani mwingine? Ila vijana wa kwaya wamezoea kunitania kwamba amina yangu huchelewa, inafika wenzangu wameshakaa. Nawaambia nasikiliza kwanza.

Alhamisi ile tulijaa ofisi ya soko hadi dirishani. Shemeji alikuja. Nilipomwona akiinama kupita mlangoni, na Biblia yake kubwa mkononi, moyo wangu ulipiga vigelegele peke yake. Akapewa kiti karibu na meza.

Mkuu wa soko akafungua kikao. "Jamani, mimi sina ugomvi na mtu. Nani hapa anakana alichokikubali mbele za Mungu?"

"Mimi nilikuwa nasinzia," akasema muuza vitunguu. "Amina yangu ilitoka usingizini. Ya usingizini nayo mnaihesabu?"

Watu wakaangua kicheko, mkuu wa soko naye akashindwa kujizuia. Nikasimama kabla hakijaisha.

"Mtu akisema Bwana asifiwe, sisi tunamjibu Bwana," nikasema. "Aliyesema ni mpita njia tu. Hata mlevi akilisema pale mlangoni tutaitikia, na hatutakuwa tumempa nyumba. Hatujawahi kupiga kura kwa amina."

"Eee!" wakasema wa nyuma.

Mkuu wa soko akaacha kutabasamu. "Vizuri. Mwenye kanisa si yuko hapa? Mchungaji, wewe ulikuwepo. Utakachosema ndicho nitakachopeleka juu. Walikubali au hawakukubali?"

Shemeji akasimama. Akalivuta koti lake, akatutazama, na mazoea yakamtangulia.

"Bwana asifiwe," akasema.

Hakuna aliyejibu. Hatukuwa tumepanga. Kila mmoja aliifungia amina yake kinywani, akawa anasikiliza kwanza itakwenda wapi. Nilimwona shemeji akiingoja, kama mtu aliyeshusha mguu gizani akakosa ngazi.

"Shemeji," nikamwambia, mbele ya watu wote. "Jambo moja tu."

Midomo yake ikafunguka. Macho yakatoka kwangu yakaenda kwa mkuu wa soko, yakarudi, yakaanguka mezani. Kisha akaichukua Biblia yake, akaibana kwapani, akapita katikati ya magoti yetu akiomba njia kwa kiganja cha mkono, akatoka.