Matete ya Asma

Asma hakuwa mwanamke wa kunyamaza. Muulize yeyote pale mwaloni Rumonge atakuambia: ukimwibia Asma samaki mmoja, mji mzima utajua kabla mafuta yake hayajachemka.

Lakini ziwa haliogopi mdomo wa mtu. Miaka hii mvua zimeingiwa na wazimu, Tanganyika limepanda na limekataa kurudi. Lilimeza nyumba ya Athumani, aliyefyeka matete yake apate pa kuegesha mtumbwi. Nyumba ya Asma ikabaki, kwa sababu mbele ya jiko lake matete yalikuwa bado yamesongamana. Wimbi lilikuja na hasira zake zote, likachokea humo ndani, likamfikia mlangoni halina nguvu. Kila mtu aliliona hilo.

Jumamosi, baada ya kazi ya jumuiya, watu walikaa mkutanoni kwenye uwanja wa zone, yaani tarafa yao. Pale kila anayesimama hutoa shukrani kwanza: kwa amani, kwa wakubwa mmoja mmoja kwa vyeo vyao, ndipo aseme kilichomleta. Asma aliijua desturi hiyo. Ila tangu alfajiri alikuwa akifagia maji jikoni, subira ilikuwa imemwishia.

"Shefu, kataza watu kukata matete! Tupande mengine, mpaka Kigwena! Matete yakiisha, na sisi tumekwisha!"

Shefu Pontiani, mkuu wa zone, mtu wa tabasamu, alimtazama kwa upole.

"Mama, hata murakoze, hata asante moja, hakuna?"

Uwanja mzima ukacheka. Asma akakaa, uso unamwaka kwa aibu.

Mkutano ulipoisha, Pontiani akamwita pembeni. "Mama, wewe unapenda mazingira. Hiyo iko kitu muzuri. Wageni wanakuja kwa siku ya mazingira, wewe utasema kwa niaba ya wakaaji. Lakini shukuru kwanza, eh?"

Asma alirudi nyumbani miguu haigusi chini. Mdogo wake Anwari akamtania, "Dada, sasa tukikutaka tuombe ruhusa?" Alicheka naye. Akigeuza samaki kikaangoni, alikuwa akijifunza shukrani zake kwa sauti.

Jumamosi iliyofuata kazi ikatangazwa: kusafisha ufuko kwa ajili ya wageni. Na pa kusimika turubai, penye upepo mzuri, ni mbele ya jiko la Asma. Mapanga yakatoka.

"Shefu, hapa? Matete yangu?"

"Yataota tena, mama. Wageni watakaa wapi? Na ni wewe utasema!"

Akawageukia majirani. Kila mmoja aliinamisha kichwa na kuendelea kukata. Anwari naye alikuwa anakata.

"Hata wewe, Anwari?"

"Dada, nisipokata wataniangalia vibaya. Nifanye nini?"

Asma alilia hadharani, wala hakujificha. Matete yalilala chini kabla ya adhuhuri.

Siku yenyewe ilipofika, viti vyeupe vilipangwa juu ya visiki. Asma alikuwa ameapa: leo nitashukuru, halafu nitasema yote. Akashika kipaza sauti. Akashukuru kwa amani. Akamshukuru shefu, akawashukuru wakubwa wa komini, akawashukuru wageni, mmoja mmoja, bila kuruka cheo, asije mtu akasema tena kwamba hana adabu.

"Na sasa, wakubwa wangu..."

Wapi! Makofi yalikwisha kulipuka, akina mama wanapiga vigelegele. Pontiani akakipokea kipaza sauti kwa mikono miwili. "Murakoze cane, mama! Umetuwakilisha!" Mgeni mmoja akamshika mkono, akasema ameguswa sana. Asma akabaki amesimama, neno lake la matete halijasemwa. Wageni wakanywa soda zao, wakapanda magari, turubai likakunjwa.

Wiki haikuisha, upepo ukavuma kutoka upande wa Kongo. Hakukuwa na cha kulichosha wimbi. Lilikuja moja kwa moja likapiga ukuta wa jiko, likarudi, likapiga tena, mpaka ukuta ukakaa chini. Anwari alikuwa anatoa masufuria, hathubutu kumtazama dada yake.

Jirani yao Mariyamu alipita na mzigo wake kichwani, naye anahama. Akasimama kidogo kwenye tope.

"Asma, ile siku ya wageni ulisema vizuri sana."

"Murakoze," Asma akajibu.